Bibi Shamba wa Yarrendool: Maisha ya Dorothea Yoram Bihondo

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Januari 2017, saa nane mchana, watu thelathini na mmoja, yaani watu wazima kumi na watatu na watoto kumi na wanane, waliteremka kutoka katika mabasi mawili madogo mbele ya ukumbi wa kanisa wa kijiji cha Yarrendool, kilomita mia nne na themanini magharibi ya Sydney. Kijiji chenyewe kilikuwa na wakazi ishirini na wawili. Kwa hiyo, hata kabla mizigo haijashushwa, wageni walikuwa wamekwisha kuwazidi wenyeji kwa idadi. Aliyetangulia kushuka alikuwa marehemu tunayemsindikiza leo. Nyuma yake, akiwa bado ameshikilia mlango wa basi, Bwana Fiacre Nzeyimana, rafiki wa mume wake, alitazama barabara moja iliyonyooka, ghala refu la ngano lisilo na ngano, na nyumba zilizofungwa madirisha, kisha akasema:

"Shemeji, umetuleta wapi? Hapa hata mbwa akibweka atajijibu mwenyewe."

"Shuka kwanza wewe ubweke," marehemu akamjibu, "tusikie."

Watu wote walicheka, na wale wazee wa Kizungu waliokuwa wamepanga viti ukumbini wakacheka pia, ingawa hawakuelewa neno hata moja. Inafaa kicheko hicho kikumbukwe, kwa maana ndicho kilichokuwa mwanzo wa shughuli kubwa ya maisha ya marehemu. Leo tunamzika Sydney, mbali na kijiji hicho na mbali na mume wake aliyelala huko. Ili kila aliyefika hapa aelewe kwa nini imekuwa hivyo, maisha yake yatasimuliwa kwa utaratibu.

Marehemu Dorothea alizaliwa Jumamosi, tarehe 3 Juni 1961, katika kijiji cha Heru Juu, Kasulu, ambayo wakati huo ilihesabiwa katika Jimbo la Magharibi la Tanganyika. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Yoram Bihondo, mwinjilisti wa Kanisa la Anglikana na mkulima wa kahawa, na Bibi Leya Ntamagiro. Kati ya hao watano, wawili walifariki wakiwa wachanga. Dorothea alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, mama yake alimpa punje sita za maharage azipande nyuma ya jiko. Kila asubuhi Dorothea alizifukua ili aone kama zimeota, kisha akazifukia tena. Punje zile hazikuota. Mama yake alimwambia, "Umeziua kwa kuzitazama," akampa nyingine sita, na safari hii akamkalisha upande wa pili wa nyumba mpaka majani yalipotokeza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 katika Shule ya Msingi Heru Juu, akamaliza la saba mwaka 1975. Alikuwa mmoja wa wasichana wawili tu wa shule hiyo waliochaguliwa mwaka huo kuendelea na masomo ya sekondari, nayo akayasoma Tabora kuanzia mwaka 1976 hadi 1979. Baada ya hapo alijiunga na chuo cha kilimo mkoani humo, akahitimu cheti cha ugani mwaka 1982. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la udongo.

Kuanzia Agosti 1982 alikuwa bibi shamba wa Kata ya Makere, wilayani Kasulu. Alipewa baiskeli ya serikali na eneo la vijiji saba, na kwa miaka kumi na miwili aliifahamu kila njia ya eneo hilo. Mwaka 1994, wimbi la wakimbizi wa Burundi lilipoingia Kigoma, aliazimwa na shirika moja la misaada ili afundishe bustani za jikoni katika kambi ya Mtabila. Huko ndiko alikokutana na Bwana Juvénal Ndikumasabo, seremala kutoka Mkoa wa Rutana, aliyekuwa amekimbia nchi yake mwezi Desemba 1993.

Walikutana kwa ugomvi. Bibi shamba alikuwa akipima vitalu kwa kamba, na kamba ikapita juu ya mstari wa vitunguu vya seremala huyo.

"Bibi shamba, vitunguu hivi vina kosa gani?"

"Vimekaa barabarani."

"Na mimi je, nikae wapi?"

Marehemu aliwahi kueleza kwamba aliisogeza kamba hatua mbili, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mwingine. Walifunga ndoa takatifu tarehe 7 Septemba 1996, katika kanisa la Anglikana mjini Kasulu. Mungu aliwajalia watoto watatu: Rhoda mwaka 1997, Bertrand mwaka 1999 na Armelle mwaka 2003. Jina la Rhoda lilitoka kwa ndugu wa mama. La Bertrand na la Armelle yalitoka kwa ndugu wa baba.

Familia ilipopata nafasi ya kuhamia Australia, ofisa mmoja alimkumbusha Dorothea kwamba yeye si mkimbizi, ana nchi yake na kazi yake, na hakuna anayemlazimisha kwenda. Alijibu kwamba nchi anayo, lakini mume wake hana, na hawezi kumwacha mtu asiye na mahali aende peke yake. Tarehe 25 Oktoba 2007 waliwasili Sydney, wakapanga nyumba Granville. Bwana Juvénal alipata kazi katika ghala la makontena karibu na Port Botany. Dorothea alifanya usafi wa ofisi usiku katikati ya jiji kwa miaka tisa. Vyeti vyake vya kilimo vilibaki kabatini, kwani hakuna aliyeviuliza. Katika miaka hiyo yote hakupanda kitu ila mchicha, kwenye ndoo tano zilizowekwa katika baraza la ghorofa ya pili.

Hapa ni sharti historia ya Yarrendool isimuliwe kwa kifupi, kwa sababu bila hiyo miaka ya mwisho ya marehemu haiwezi kueleweka. Ardhi ile ni ya watu wa asili wa taifa la Wiradjuri, waliokuwepo kabla ya hesabu za kijiji kuanza kuwekwa, na waliofukuzwa ili hesabu hizo zianze. Reli ilifika mwaka 1909. Shule ya mwalimu mmoja ilifunguliwa mwaka 1912, na ukumbi wa kanisa ukajengwa mwaka 1921, baada ya vita iliyochukua vijana kumi na wanne wa kijiji na kurudisha watano. Mwaka 1954 kijiji kilifikia watu mia moja themanini na saba. Hakikupata kuzidi hapo. Mashine zilikua na mashamba yakaungana. Palipohitajiwa familia kumi, ikatosha moja. Benki ilifungwa mwaka 1972. Treni ya mwisho ya ngano iliondoka mwaka 1986. Baa iliungua mwaka 1994 wala haikujengwa tena, na duka likafungwa mwaka 2009. Hakukuwa na adui wala janga lolote. Watu waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu nzuri.

Mwezi Agosti 2016 Bibi Beryl Tuckett, mkulima mjane wa Yarrendool aliyekuwa na miaka sabini na sita, alifika katika kanisa moja la Granville baada ya kusikia kwamba huko kuna familia za Kiafrika zilizozoea kulima. Alieleza kwamba kijijini kwao nyumba sita ni tupu, shule ina watoto wanne, na serikali haitaiacha wazi kwa idadi hiyo. Alitoa nyumba zile kwa kodi ndogo na ekari sitini za shamba lake mwenyewe. Wengi walimsikiliza kwa adabu tu. Dorothea alimfuata mpaka kwenye gari, akamwomba amwonyeshe udongo. Bibi Beryl alifungua buti la gari na kumwonyesha buti zake za mpira, zilizokuwa zimeganda matope. Marehemu alibandua pande moja, akalitemea mate, akalikanda kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka likawa utepe mrefu.

"Kwenu huwa mnaanza hivyo?" Bibi Beryl aliuliza. "Kwa kutemea mate viatu vya watu?"

"Huu ni udongo mzuri," Dorothea alisema. "Ila una kiu."

Familia sita zilikubali. Mwaka wa kwanza ulikuwa mwaka wa furaha. Watoto wa shule walitoka wanne wakafika kumi na saba. Bwana Juvénal aliacha ghala akarudia useremala. Alitengeneza milango ya nyumba zote sita, kisha akaanza paa la ukumbi. Dorothea alipanda mahindi meupe na maharage, na mavuno ya kwanza yaliuzwa katika maduka madogo ya Granville, ambako watu walikuwa wamechoka na unga wa pakiti. Bibi Beryl alijifunza kula ugali kwa mkono, akidai kwamba unafanana na kitu alichozoea kulisha ndama. Alimfupishia marehemu jina akawa anamwita Dot, na marehemu aliitika.

Kisha mvua ikakatika. Msimu wa 2018 haukutoa kitu. Msimu wa 2019 bwawa lilikauka mpaka chini, na maji ya kunywa yakawa yanaletwa kwa lori. Familia mbili, watu tisa kwa jumla, zilirudi Sydney kabla ya Krismasi. Rhoda alikuwa ameshatangulia kwa ajili ya masomo ya uuguzi, na Bertrand kwa ajili ya kazi ya ujenzi. Waliobaki walisubiri.

Jumanne, tarehe 4 Februari 2020, Bwana Juvénal alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa juu ya paa la ukumbi. Alishushwa akiwa tayari amefariki, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa. Ndugu wa Granville walitaka azikwe Sydney, na nafasi ilikuwa imekwisha kupatikana. Dorothea alikataa. Alisema kwamba mtu aliyepitia kambi na kuacha nchi mbili anastahili kulala mahali alipojenga kwa mikono yake. Alizikwa Jumamosi, tarehe 8 Februari, katika makaburi ya Yarrendool, huku mvua ikinyesha. Ilikuwa imeanza jana yake, baada ya miaka miwili, na watu walizika wakiwa wamelowa hadi mifupani. Bwana Fiacre, ambaye alikuwa rafiki wa Bwana Juvénal tangu Mtabila, alisimama kaburini akasema, "Kuanzia leo asituite mtu wageni. Sisi tumezika hapa."

Watu wengi walilia kwa neno hilo. Ndilo neno Dorothea alilolishika tangu siku hiyo.

Kesho yake, Jumapili, mvua ilikatika. Bibi Beryl alikuja nyumbani kwa wafiwa akiwa na buti zake za mpira, akasimama mlangoni.

"Dot, udongo uko tayari. Trekta ina mafuta. Nisemeje zaidi?"

Bwana Fiacre ndiye aliyemjibu, kwa sababu kwa siku hizo yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba. Alimweleza kwamba kwa Warundi, na kwa Waha wa kwao Dorothea pia, mtu akifa jembe linalala. Hakuna anayelima wala kupanda mpaka siku nane zipite na ndugu wakae pamoja kumaliza msiba.

"Siku nane! Jua la hapa haliji msibani, Fiacre. Jumatano ardhi itakuwa bati."

"Tunajua, mama."

"Basi nipande mimi. Mimi si ndugu yenu. Sikufiwa na mtu."

"Shamba ndilo lililofiwa, mama," Bwana Fiacre alisema. "Si mkono."

Wote walimgeukia mjane. Mila inamruhusu mjane kuwaomba wazee wafupishe siku. Angeomba, wangekubali, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa na njaa ya shamba lile. Tena kati ya watu wote waliokuwa chumbani, ni yeye aliyekuwa na cheti. Maharage yaliyopandwa juma lile yangeiva kabla ya jalidi, ile baridi ya Mei inayogandisha umande juu ya majani na kuyaua. Yaliyopandwa baadaye yangekuwa bado na maua.

"Hesabu yake naijua, Beryl," alisema. "Naijua kuliko nyinyi nyote. Lakini siwezi kumfukia mume wangu jana, na leo nikafukia maharage."

Bibi Beryl alivua buti, akaingia, akakaa chini na wengine. Hakulisema tena.

Walipanda kuanzia tarehe 17 Februari. Udongo wa juu ulikuwa umekwisha kufanya gamba. Theluthi moja ya mbegu haikutokeza, nayo ikarudiwa mwezi Machi. Shamba lilipendeza sana mwezi Aprili. Tarehe 4 Mei asubuhi, familia nne zilizobaki ziliamka zikakuta maharage yote meusi, yamelala chini, na maua yake bado juu yake. Marehemu alipita katika mistari yote mpaka mwisho wa shamba. Aliporudi alisema tu kwamba watoto wavae viatu waende shule.

Hakuna aliyemlaumu, na huo ndio ukweli. Lakini baada ya asubuhi hiyo watu walianza kuzungumzia Sydney kwa sauti ya kawaida, ambapo awali walikuwa wakinong'ona. Bwana Fiacre alikuwa na mke wake Médiatrice na watoto sita, watano kati yao wakiwa katika shule ile. Mwezi Desemba 2020 alikuja kuaga. Alikuwa amepata kazi ya kuendesha lori la makontena Port Botany.

"Shemeji, mimi sikatai hapa. Watoto wanataka kula."

"Shule imebaki na watoto tisa. Ukiondoka na hao watano wako, imefungwa."

"Basi nikuachie wawili?"

Walicheka kidogo, kama watu wanaocheka hospitalini. Kisha Dorothea akamkumbusha alichokisema kaburini: kwamba wamezika hapa.

"Nililisema," Bwana Fiacre alijibu. "Nililisema kwa moyo wote, shemeji. Siku hiyo nilikuwa sijaona maharage."

Familia yake iliondoka tarehe 19 Desemba. Mwaka uliofuata shule ilifungua ikiwa na watoto wanne, ikafungwa moja kwa moja Desemba 2021, baada ya kufanya kazi kwa miaka mia moja na tisa. Familia mbili za mwisho ziliondoka mwezi huohuo. Armelle alikuja Sydney kusoma. Watoto walimsihi mama yao aje naye, naye akawaambia kwamba hawezi kumwacha baba yao peke yake kati ya watu wasiojua hata kulitamka jina lake.

Kwa hiyo alibaki. Alilima robo ekari kwa mkono. Kila Jumamosi alifungua nyumba tano zilizoachwa, akafagia, akaacha madirisha wazi mpaka jioni, kisha akaenda makaburini. Rhoda alimpigia simu siku moja akamkuta akihema.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafagia."

"Unafagia nyumba za nani?"

"Za watu."

"Watu gani, Mama?"

Marehemu alimjibu kwamba mtu akitaka kurudi akute pachafu, hatarudi. Na kila Jumapili baada ya sala alikuwa akiwapigia wale walioondoka, mmoja baada ya mwingine. Aliwaambia bwawa limefikia wapi, na kwamba mlango fulani sasa unafunga vizuri. Walimsikiliza, kwa kuwa walimpenda. Wengine walianza kuacha simu iite. Watoto wao, waliokuwa wakielewa Kiswahili chake lakini wakimjibu kwa Kiingereza, walimuuliza tu kama kuna mtandao huko siku hizi. Hakurudi mtu.

Mwezi Machi 2023 madaktari walithibitisha kwamba figo zake zote mbili zimeshindwa kazi. Alihitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma, na mashine ya karibu ilikuwa kilomita mia moja na kumi na mbili kutoka Yarrendool. Watoto walidhani kwamba sasa atakuja. Badala yake Bibi Beryl, aliyekuwa na miaka themanini na mitatu, alisema kwamba gari analo na hana kazi. Kwa miezi kumi na tano alimpeleka na kumrudisha. Bibi Beryl alikuwa na mtoto wa jicho na hakutaka mtu ajue, hivyo marehemu alikaa mbele akawa ndiye macho.

"Kangaruu. Kushoto."

"Nimemwona."

"Hukumwona. Huyo uliyemwona ni mti."

"Ukifia humu garini, Dot, sitakusamehe."

"Wewe endesha. Usinizike kabla hatujafika."

Katika miezi hiyo wazee sita wa kijiji walifariki au walipelekwa katika nyumba za kutunzia wazee. Mwezi Juni 2024 daktari alimnyima Bibi Beryl leseni ya kuendesha gari. Agosti mwanawe alimhamishia mjini, ambako yupo hadi leo, na hatambui tena watu. Hapakuwa na mtu mwingine kijijini mwenye uwezo wa kuendesha safari ile. Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, Bertrand alimleta marehemu Granville kwa Rhoda. Bertrand anaeleza kwamba mama yake hakugeuka nyuma wala hakulia. Alimwomba tu apite polepole mbele ya makaburi, kisha akamwambia aongeze mwendo.

Hapa Sydney aliishi mwaka mmoja na nusu. Alihudhuria ibada alipokuwa na nguvu, na aliwafundisha wajukuu wake wawili kuhesabu kwa Kiswahili hadi mia. Mwezi Januari mwaka huu moyo wake ulianza kushindwa kuvumilia mashine. Ndipo watoto walipopanga jambo ambalo wote walidhani ndilo atakaloliomba. Ruhusa ya kaburi kando ya mume wake ilipatikana. Gari lilipatikana. Bwana Fiacre alikusanya vijana wanane wa kuchimba, kwa kuwa kule hakuna tena mwenye nguvu ya kuchimba. Kisha akaja kitandani kwake kumpa habari, mbele ya Rhoda na Armelle.

"Shemeji, utulie. Tutakupeleka nyumbani. Ruhusa ya konji nimeshapewa kazini, siku tatu nzima."

"Mtanipeleka. Halafu?"

"Halafu tunakulaza karibu na kaka."

"Halafu?"

Bwana Fiacre aliwatazama Rhoda na Armelle.

"Halafu mtapanda gari mrudi," marehemu alisema. "Nizikeni hapahapa. Mtafika hata kwa treni."

Rhoda alimuuliza, "Na Baba?"

Alifumba macho hata wakadhani amesinzia. Kisha akasema maneno ambayo Armelle aliyarudia kwa ndugu wote usiku huo, nasi tunayaweka hapa kama alivyoyatamka:

"Kule hakurudi watu, mwanangu. Nilijua tangu asubuhi ile ya jalidi. Mimi ni bibi shamba. Nikiona mmea umekufa najua umekufa. Nilibaki kwa sababu sikujua namna ya kumwambia baba yenu."

Walimsihi tena, siku ile na siku zilizofuata. Hakubadili kauli. Alikataa hata udongo wa kule usiletwe.

Marehemu Dorothea alifariki Jumanne, tarehe 17 Februari 2026, saa kumi na moja na nusu alfajiri, hospitalini, Rhoda akiwa amemshika mkono. Alikuwa ameishi miaka sitini na minne, miezi minane na siku kumi na nne. Anazikwa leo, Jumamosi, tarehe 28 Februari 2026, katika makaburi ya Rookwood, kwa hiari yake mwenyewe na kinyume cha matumaini yake yote.

Familia inawashukuru waliosafiri, waliopika, waliokesha na waliochimba. Inawashukuru pia wale waliokuwa wakipokea simu za Jumapili. Mungu aliyempa Dorothea mikono ya kupandia ampe sasa ruhusa ya kuiweka chini.

Marehemu ameacha watoto watatu, Rhoda, Bertrand na Armelle. Wajukuu wawili, Akimana na Ninahazwe. Na kaka mmoja, Nehemia Yoram Bihondo. Waliofika naye Yarrendool mwaka 2017 na ambao wangali hai ni ishirini na tisa. Wote wanaishi Sydney. Waliobaki Yarrendool ni wazee watatu. Mtoto hakuna.